Jani moja mfukoni halimsaidii bwana shamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji nizungumzie bustani za majumbani hapa Mwanza. Kwenye maduka ya pembejeo ni jambo la kila siku: mteja anatoa mfukoni jani moja la nyanya, limeshakauka, anauliza dawa yake ni ipi. Muuzaji analigeuza mara mbili, anashusha chupa kwenye rafu. Nyanya inaweza kunyauka kwa bakteria, kwa ukungu wa fuzari, kwa minyoo fundo inayovimbisha mizizi, kwa kiu tu, au kwa samadi ya kuku iliyowekwa ikiwa mbichi. Dawa ya wadudu haitibu hata kimoja kati ya hivyo vitano.

Bwana shamba au bibi shamba wa kata anaweza kuvitofautisha, na akishindwa anajua wa kumuuliza. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ukiriguru kipo Misungwi, si mbali. Ila naye anahitaji kuletewa kitu cha kupima.

Chagua mche ulioanza kuugua. Uliokufa haufai, kwa sababu ukungu wa uozo huwa umeshafunika chanzo chenyewe. Ikiwezekana peleka miche mitatu: mmoja unaoanza, mmoja uliozidiwa, na mmoja mzima wa kulinganishia. Uchimbe kwa jembe, usiuvute. Ukivuta, mizizi midogo inakatikia ardhini na vinundu vya minyoo fundo vinabaki hukohuko. (Vinundu vya maharage visikutishe. Vile hubanduka kwa kucha, na vikiwa hai ndani ni vya rangi ya waridi. Vya minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, havibanduki.) Mizizi na udongo wake, kiasi cha ngumi mbili, vitie kwenye mfuko mtupu wa chumvi au sukari, maana rambo tuliziaga mwaka 2019, kisha funga shingoni mwa mche ili udongo usichafue majani. Majani yafungwe kwenye gazeti kavu. Hili lako, Mhariri, likishasomwa linafaa kabisa. Usiyanyunyizie maji wala kuyafungia kwenye plastiki, kwa joto letu yataoza kabla ya kesho. Chimba asubuhi, upeleke siku hiyohiyo. Sampuli ya Ijumaa mchana hulala ofisini hadi Jumatatu, ikawa mboji.

Ukitaka kutuma picha, piga za aina tatu: bustani nzima, mche mzima, na jani kwa karibu pande zote mbili, pembeni pakiwa na sarafu ya kupimia ukubwa. Piga kivulini. Utitiri mwekundu, utitiri mweupe na inzi weupe hujificha chini ya jani, na hapo ndipo wengi hawapigi. Kwa utitiri kuna njia rahisi zaidi: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, utaona vidoa vinatembea. Huyu si mdudu wa kawaida, na dawa nyingi za wadudu humwacha huku zikiua wanaomla, ndiyo maana mtu hupulizia kila wiki kiangazi chote na hali inazidi kuwa mbaya.

Mtaalamu atauliza maswali, na majibu yake ni nusu ya kazi. Mbegu gani, miche ilitoka wapi, msimu uliopita palikuwa na nini, umepulizia nini, lini, kwa kipimo gani. Tatizo limekaaje: mche mmoja mmoja, mstari mmoja, au upande mmoja wa ukuta? Ugonjwa mara nyingi huchagua aina ya mmea. Nyanya, maharage na mchicha vikijikunja kwa pamoja siku chache baada ya kupulizia, tazama pampu kwanza. Pampu iliyobebea dawa ya magugu kisha ikasuuzwa juujuu hukunja nyanya hadi watu wanasema ni rasta, ule ugonjwa wa virusi wa kukunja majani unaoenezwa na inzi weupe, na inzi hao wanasingiziwa.

Kipimo kimoja unaweza kukifanya mwenyewe. Kata kipande cha shina la nyanya iliyonyauka, karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha tu iguse maji, na usitikise. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika tano hivi utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na hapo usirudishe nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo. Panda mahindi au vitunguu kwa misimu kadhaa. Wanaoishi kwenye miinuko yetu ya mawe wakumbuke pia kwamba maji ya mvua hushuka na bakteria huyo hadi kwa jirani wa chini.

Mgomba ndio pekee usiobebwa. Ndizi zikiiva kabla ya wakati na ndani zina kahawia, au shina likikatwa linatoa ute wa njano, inawezekana ni mnyauko wa bakteria ulioitesa Kagera. Usipande nao daladala. Mwite mtaalamu aje, na panga lililotumika lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Kwa halmashauri zetu za Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza nina ombi dogo. Maafisa ugani wawekewe siku moja ya wiki, iwe Jumanne, na meza sokoni Buhongwa, Igoma na Kirumba. Juu ya meza pawe na lenzi ya kukuza mara 10, kisu, glasi ya maji na daftari. Daftari lisisahaulike, kwa sababu mtu mmoja akileta nyanya zenye kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, ni shida yake, ila wakija kumi kutoka mtaa mmoja ndani ya wiki, afisa anajua aanzie wapi kupita nyumba kwa nyumba.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza