Shangazi, nimefumua majani yote

Assalaam alaykum Shangazi,

Uliponiuliza kwenye simu nashona nini nikakujibu mfarishi, ukacheka: mfarishi gani huo wa kufunika goti moja? Kweli, ni sentimita 30 kwa 40 tu, wa kutundika ukutani. Lakini una yote ya mfarishi: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, na mshono unaopenya vyote vitatu. Nilipiga bandi kwanza, kama ulivyonifundisha, pamba isije ikahama.

Nilitaka kuyashona majira haya tuliyomo hapa Leicester, Uingereza. Jina lake tu lanitatiza. Kamusi husema vuli, na vuli yetu sisi ni mvua na kuchipua. Huku ndipo miti inapobaki fito. Basi nikakata majani, mekundu na ya manjano, kwenye kanga zangu zilizochakaa. Arubaini na ushei! Nikayashonea moja moja.

Halafu ndipo nikalirudia shairi lenyewe lililonitia wazimu huu (nilipaswa kuanzia hapo, najua). Ni “To Autumn”, la majira haya haya, la John Keats, Mwingereza, alilolitunga Winchester Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1819, baada ya kutoka kutembea. Alikuwa na miaka 23. Beti tatu, kila ubeti mistari 11; wewe uliyezoea minne ungemwuliza anakokwenda. Nikatafuta humo majani yanayoanguka. Hamna hata moja. Kuna matufaha yanayoinamisha miti, mumunye linalovimba, nyuki, mvunaji aliyesinzia na shamba halijaisha. Bwana huyu haombolezi kitu. Ameshiba.

Nikafumua, jioni mbili nzima.

Sasa mfarishi una vipande vitatu, ubeti chini ya ubeti. Juu ni mumunye: lile korosho la pindo la kanga nililigeuza kichwa chini, likawa mumunye lenyewe bila kuchora. Katikati nimepita haraka, mvunaji wangu ni mgongo na kofia tu, maana nyuso siziwezi.

Chini ndiko nilikokaa. Siku mbili baada ya kutunga, Keats alimwandikia rafiki yake kwamba shamba lililobaki mabua huonekana lina joto, kama baadhi ya picha zinavyoonekana zina joto. Na shairini mabua hayo yana wekundu wa waridi wa machweo. Mimi nilikuwa nimeweka kahawia! Nikaibandua, nikaweka kanga ya waridi iliyopauka kwa kuanikwa kwenye kamba yako.

Mstari wa mwisho ni mbayuwayu wanaokusanyika angani wakilia. Hapo nilicheka peke yangu. Huku watu huwaaga, na sisi Mombasa ndio wakati wa kuanza kuwaona wageni hao wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Nimewashona saba, kwa ule uzi wa buluu ulionitumia.

Shida ni matundu ya sindano pale yalipokuwa majani. Hayafungi. Nimeyapiga pasi ya mvuke, nimeyasugua kwa ukucha, wapi. Wewe unayetoboa kofia ya vito makusudi na kuzungushia uzi kila tundu, hebu niambie: niyazungushie na haya, au kanga iliyochoka namna hii itachanika? Nijibu kabla sijatia pindo. Na uzi wa buluu umeisha, mbayuwayu mmoja hana mkia.