Wachukuzi wa vitabu nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Nimezisoma makala zenu tatu kuhusu historia ya kitabu, zote kwa mfululizo, na nashukuru kwamba mmelipa jambo hili nafasi. Hoja yangu inahusu ramani mliyoiweka mwishoni. Kila nchi imepakwa rangi yake na kupewa sifa yake: Uchina karatasi, Korea herufi za metali, Ujerumani mashine ya kuchapia ya Gutenberg, Italia vitabu vidogo vya kushika mkononi. Mtu akiiangalia ataamini kila taifa lilijifungia chumbani likavumbua kipande chake. Kati ya rangi moja na nyingine hamkuchora hata njia moja. Kwangu mimi, historia yenyewe imo njiani humo.

Mimi ni mjalidi. Nakarabati vitabu vikuukuu, na kazi hii humlazimu mtu kukiona kitabu kikiwa hakina nguo. Ukibandua ngozi ya mgongoni, aghalabu unakuta vipande vya karatasi au ngozi ya zamani ambavyo fundi wa kwanza alivigandisha ili kuutia uti nguvu, na mara nyingi maandishi yake ni ya lugha nyingine kabisa na ile ya kitabu. Uinue ukurasa kwenye mwanga, utaona alama ya kiwanda kilichotengeneza karatasi: kichwa cha ng'ombe, mtungi, zabibu. Kiwanda hicho huenda kilikuwa nchi ya mbali na pale kitabu kilipochapwa. Kwa muda mrefu wachapaji wa Uingereza walitegemea karatasi iliyovuka bahari kutoka Ufaransa na Italia.

Sababu yake ni rahisi. Zamani vitabu havikusafiri na majalada. Jalada ni zito na linaharibika. Zilisafiri karatasi zilizochapwa, hazijashonwa, zimepakiwa ndani ya mapipa ili maji yasiingie, na mnunuzi ndiye aliyezipeleka kwa fundi wa mji wake zikashonwa. Basi kitabu kimoja kingeweza kuwa na mwandishi wa huku, karatasi ya kule, chapa ya mahali pa tatu na jalada la mahali pa nne. Mtu akiniuliza kitabu cha namna hiyo ni cha taifa gani, mimi namwonyesha uzi tu.

Ule uhuru wa karatasi zisizoshonwa ndio uliowasaidia wafanya magendo. Katika karne ya 18, Ufaransa ilipokuwa ikivipiga marufuku vitabu vya wanafalsafa wake, vilichapwa nje ya mpaka, Uholanzi na Uswisi, kisha vikarudishwa nyumbani kwa siri. Kampuni moja ya uchapaji ya Neuchâtel, huko Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1769, imeacha barua na daftari zake za hesabu, na humo mambo yote yako wazi. Wachukuzi walipandisha mabunda mgongoni kwenye njia za milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa. Palikuwa na watu waliolipwa kuhakikisha mzigo unafika, na ukikamatwa wao ndio waliobeba hasara. Karatasi za kitabu kilichokatazwa zilichomekwa katikati ya karatasi za kitabu halali, moja baada ya nyingine, na wenyewe waliita kuzifungisha ndoa. Nimeshika karatasi maisha yangu yote, na bado nikifikiria mikono iliyozichambua upya upande wa pili, usiku, kwa mwanga wa mshumaa, najisikia nina ndugu huko.

William Tyndale mnamtaja kwa mstari mmoja, kama mfasiri Mwingereza. Agano Jipya lake la Kiingereza, lililokatazwa kwao, halikuchapwa Uingereza. Lilianzwa Cologne mwaka 1525, akakimbia kabla halijakwisha, likamalizwa Worms mwaka 1526, likaingia London limefichwa ndani ya marobota ya nguo. Nakala nyingi zilichomwa moto. Zilizobaki hadi leo zinazojulikana ni tatu tu. Yeye mwenyewe aliuawa karibu na Brussels mwaka 1536. Kitabu cha Kiingereza kuliko vyote, na hakuna hatua yake hata moja ya kuchapwa iliyofanyika kwao.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu ni kwamba Lithuania haimo kabisa. Baada ya uasi wa 1863 serikali ya mfalme wa Urusi, aliyeitawala nchi hiyo, ilikataza Kilithuania kuchapwa kwa herufi za Kilatini. Vitabu vingeruhusiwa kwa herufi za Kirusi tu. Serikali ikavichapa yenyewe na kuvigawa, watu wakavikataa. Marufuku hiyo ilidumu takriban miaka 40, hadi 1904. Muda wote huo vitabu vya sala, vitabu vya kufundishia kusoma, kalenda, na baadaye magazeti, vilichapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia ya Mashariki, upande wa Wajerumani, hasa katika mji wa Tilsit. Vingine vilichapwa na wahamiaji Marekani. Wakulima, wanaume kwa wanawake, wakavivusha wakiwa wamevifunga mwilini chini ya nguo au wamevitia magunia, huku askari wa mpakani wakiwawinda. Aliyekamatwa alifungwa au kupelekwa Siberia. Wapo waliopigwa risasi papo hapo. Mmoja wao, Jurgis Bielinis, aliifanya kazi hiyo kwa takriban miaka 30, na siku aliyozaliwa, tarehe 16 Machi, Walithuania wanaiadhimisha kama siku ya wachukuzi wa vitabu. Watoto walifundishwa kusoma nyumbani kwa siri, mama anasokota uzi huku akifuatisha herufi na mwanawe. Hao ndio wasomaji ambao makala zenu hazikuwagusa. Mliandika juu ya watu waliotengeneza vitabu, mkawasahau waliohatarisha shingo zao ili wavisome.

Na mchukueni Hasan al-Wazzan, ambaye Ulaya ilimwita Leo Africanus. Alizaliwa Granada, Hispania, akakulia Fez, Moroko, akatekwa baharini na maharamia, akapelekwa Roma kwa Papa Leo wa 10. Huko aliandika kwa Kiitalia habari za Afrika, na kitabu chake kikachapwa Venice mwaka 1550. Ndani yake anasema kwamba Timbuktu vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vilivyoletwa kutoka kaskazini, vilikuwa na faida kubwa kuliko bidhaa nyingine yoyote. Rangi ya nchi gani mtakipaka hicho?

Hata maneno tunayoyatumia kuzungumzia jambo hili yamefika kwa mizigo. Karatasi na kalamu ni maneno ya Kigiriki yaliyopitia Kiarabu. Daftari nalo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ilikuwa ngozi iliyotayarishwa. Anayeyatamka leo anapokea mzigo uliobadilishana mikono tangu enzi za kale.

Sisemi kila safari ilikuwa ya heri. Mmeisifu Korea kwa herufi za metali, na mmefanya haki, maana kitabu cha zamani zaidi kilichosalia kati ya vilivyochapwa kwa herufi hizo ni cha huko, cha mwaka 1377. Hamkusema kiko wapi. Kiko Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na Mkorea anayetaka kukiona lazima avuke nusu ya dunia. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya kuvuka mipaka, tena sehemu inayouma.

Msidhani mambo haya yamekwisha. Mwaka 1950, Florence, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha mapatano ya kutotoza ushuru wa forodha kwenye vitabu vinavyoingia kutoka nje. Wasioona walisubiri hadi 2013, kwa mkataba wa Marrakesh ulioruhusu vitabu vyao kuvuka mipaka. Kabla ya hapo, kitabu kilichokwisha kuandikwa kwa nukta nundu katika nchi moja mara nyingi hakikuweza kupelekwa nchi jirani, kwa kuwa ruhusa ya sheria za hakimiliki iliishia mpakani. Kazi ileile ikarudiwa upya, nukta kwa nukta, huku msomaji akingoja miaka.

Kwa hiyo naomba, mkiichapa ramani hiyo tena, mchore mstari kutoka Tilsit kwenda mashariki, mwingine kutoka Neuchâtel kuingia Ufaransa, mwingine wa jangwani hadi Timbuktu. Majina ya wengi waliobeba hatunayo. Mstari uwekwe hivyohivyo.

Wenu,
Msomaji, mjalidi wa vitabu