Sumaku hunasa chuma, hainasi kobalti iliyoyeyuka

Mhariri,

Vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia) vinavyookolewa kwa sumaku vinasifiwa sana katika uoksidishaji, yaani kuunganisha na oksijeni, wa haidrokaboni, ambazo ni kampaundi za kaboni na haidrojeni. Tunavyozungumzia hapa ni unga wenye kiini cha magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, na juu yake kobalti, metali inayofanya kazi ya kuchochea. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni mmoja: sumaku ikisogezwa ubavuni mwa chupa, unga mweusi huhamia upande huo na kimiminika hubaki angavu. Hapo tumejua kwamba magnetaiti imenaswa. Kuhusu kobalti hatujajua lolote.

Haja ya kichocheo bora ipo. Viwandani, saikloheksani, haidrokaboni ya kutengenezea nailoni, huoksidishwa kwa hewa na chumvi ya kobalti kwenye nyuzijoto 150 hadi 160. Huachwa igeuke asilimia 4 hadi 6 tu kila mzunguko, kwani ikizidi hapo, alkoholi na ketoni zinazotakiwa nazo huungua na kuwa asidi. Inayobaki hurudishwa, hivyo mitambo hubeba shehena kubwa ya kimiminika cha moto. Shehena ya namna hiyo ilivuja na kulipuka Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, ikaua watu 28.

Kiini cha magnetaiti ni rahisi kutengeneza: gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) yenye maji sita ya fuwele na gramu 2.0 za kloridi ya chuma(II) yenye maji manne, katika mililita 100 za maji yaliyopitishiwa nitrojeni, nyuzijoto 80, kisha amonia hadi pH 10. Hewa ikiingia, weusi hugeuka kahawia. Baadaye huvikwa silika (oksidi ya silikoni), na kobalti hushikizwa juu yake kwa amini, molekuli zenye nitrojeni inayoshika metali.

Matatizo huanzia hapo. Asidi zinazozaliwa katika mmenyuko hung'oa kobalti. Silika ikiwa na nyufa, chuma kilicho wazi huvunja haidrojeni peroksaidi, pale inapotumika kuoksidisha badala ya hewa, na kuzalisha radikali (vipande vya molekuli vyenye elektroni pweke) zisizochagua pa kushambulia, na peroksaidi hupotea bure. Kwa hiyo magnetaiti iliyovikwa silika bila kobalti nayo ijaribiwe peke yake.

Jaribio la lazima ni hili: mmenyuko ukifika karibu nusu, kamata kichocheo kwa sumaku kikiwa bado moto, pitisha kimiminika kwenye chujio la mikromita 0.2 (chembe ndogo mno hutoroka sumaku), kisha endelea kukipasha joto chenyewe na kuchukua sampuli. Usisubiri kipoe, maana metali iliyoyeyuka huweza kurudi kuganda juu ya unga. Mmenyuko ukiendelea kwa kasi ileile, kinachofanya kazi kimo ndani ya kimiminika.

Sampuli ya saikloheksani itiwe trifenilfosfini, inayogeuza haidroperoksaidi (zao la katikati la mmenyuko) kuwa alkoholi, kabla ya kromatografia ya gesi, yaani kutenganisha na kupima mazao yakiwa mvuke. Bila hivyo, haidroperoksaidi huvunjikia ndani ya mashine na kuhesabiwa kama alkoholi na ketoni.

Tunaomba pia madai ya "kimetumika mara tano bila kuchoka" yasikubaliwe iwapo kila duru iliachwa hadi mwisho. Kichocheo kilichopoteza nusu ya nguvu bado hufika mwisho kikipewa muda. Duru zilinganishwe kwa kasi, mmenyuko ukiwa kwenye asilimia 20 au 30, na kiasi cha kobalti kwenye kimiminika kipimwe kila mara.

Wanakemia wa vichocheo