Kwa Shoga Yangu Anayeandika Igizo la Shule ya Marekani, 1951

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa rundo la mitihani. Igizo lako nimelipata na nimelisoma lote. Mazungumzo yana chumvi ya kutosha, sina la kuongeza. Tatizo ni shule yenyewe. Umeandika "Marekani, 1951", halafu wanafunzi wamepanga mstari uwanjani na sare zao, na kiranja mkuu aliyeteuliwa na walimu anawakagua kucha. Hiyo ni shule yetu, umeivusha bahari bila pasipoti.

Sare futa. Shule za serikali kule zilikuwa na masharti ya mavazi tu: wavulana suruali na shati, wasichana sketi inayovuka magoti, blauzi na soksi fupi. Shule nyingi hazikumruhusu msichana kuingia darasani na suruali. Mstarini nako futa. Siku ilianzia ndani, katika darasa la mahudhurio, dakika 10 au 15 hivi: mwalimu anaita majina, matangazo yanasomwa, kisha wote wanasimama, mkono wa kulia kifuani, na kuapa mbele ya bendera. Hapa ndipo mtakapoumbuliwa. Maneno "chini ya Mungu" yaliingizwa katika kiapo hicho tarehe 14 Juni 1954, kwa hiyo mwigizaji wako wa 1951 asiyatamke. Na bendera ya wakati huo ina nyota 48, safu 6 za nyota 8 kila moja. Ile ya nyota 50 ilianza 4 Julai 1960.

Kengele ni ya umeme, si chuma kilichoning'inizwa mtini. Ikilia, wanaohama ni wanafunzi. Mwalimu anabaki chumbani mwake siku nzima. Ukilikumbuka hilo utapata vurugu nzuri jukwaani: dakika chache tu za kubadilisha vipindi, korido imejaa, kila mtu anapapasa kufuli ya namba kwenye kabati lake la chuma. Ukionekana koridoni wakati wa kipindi lazima uwe na kibali chenye saini ya mwalimu. Katika shule nyingi walisimama wanafunzi maalumu kwenye kona kukagua vibali hivyo, na hao ndio ndugu wa karibu wa viranja wetu, ila kazi yao iliishia kuandika jina na kulipeleka ofisini.

Chakula cha mchana umeandika baga na soda. Mwaka 1946 serikali ilipitisha sheria ya chakula cha shule, na sahani kamili iliyolipiwa ruzuku ilikuwa na vipimo: nusu painti ya maziwa, aunsi 2 za nyama, samaki au jibini (au mayai na maharage kwa kiasi kilichowekwa), robo tatu ya kikombe cha mboga na matunda, mkate, na vijiko 2 vidogo vya siagi. Sinia lenye chupa ndogo ya maziwa linatosha kabisa jukwaani.

Sasa kiranja mkuu. Badala yake weka rais wa baraza la wanafunzi, aliyepigiwa kura. Lakini, shoga, usimpe madaraka asiyokuwa nayo. Hana ruhusa ya kumwadhibu mtu, habadilishi ratiba, hagusi mambo ya walimu. Katiba za mabaraza yale kwa kawaida zilisema wazi kwamba madaraka yote yanatoka kwa mkuu wa shule, naye ana kura ya turufu juu ya azimio lolote. Hata chama cha kitaifa cha mabaraza, kilichoanzishwa 1931, kiliishia kulelewa na chama cha wakuu wa shule za sekondari. Rais wako amevaa koti la kuazima, na mwenye koti yuko ofisini hatua chache kutoka pale. Ukishamwona hivyo, igizo zima litakaa sawa.

Uchaguzi ulikwenda hivi. Mgombea anachukua fomu, anakusanya saini za wanafunzi wenzake, kisha ofisi inatazama alama zake, maana aliye chini ya wastani uliowekwa hafiki mbali. Linafuata juma la kampeni. Mabango yanachorwa kwa rangi ya maji kwenye karatasi ya bunda, ile ya kufungia nyama, na kubandikwa kwenye mbao za matangazo tu, kwa sababu gundi ya utepe ikivuliwa ukutani huondoka na rangi ya jengo na msimamizi wa majengo hasamehe. Hotuba hutolewa mbele ya shule nzima, dakika mbili tatu kila mmoja, na mwalimu mlezi huwa amezisoma kabla. Mara nyingi msimamizi wa kampeni hutangulia kumnadi mgombea wake. Kura hupigwa katika madarasa ya mahudhurio kwa vikaratasi, ingawa baadhi ya shule ziliazima mashine halisi za kupigia kura kutoka serikali ya mtaa. Kumbuka hawa ni watoto wasioruhusiwa kupiga kura ya nchi hadi wafikishe miaka 21 (Georgia peke yake ilikuwa imeshusha hadi 18, mwaka 1943). Ndiyo maana walimu waliuita uchaguzi ule mazoezi, wakimaanisha.

Vikaratasi vyenyewe, tafadhali, viwe na maandishi ya zambarau. Shule zilidurufu kwa spiriti: unaandika juu ya karatasi ya kwanza, ya pili yenye nta ya rangi inaacha maandishi kinyume mgongoni mwa ile ya kwanza, kisha unaifunga hiyo ya kwanza kwenye mtungi wa mashine na kuzungusha mkono. Nakala kama mia hutoka vizuri, zikizidi sana zinafifia. Zikitoka zina unyevu na harufu kali, na wanafunzi walikuwa wakizinusa kabla ya kuzisoma. Kwa gazeti la shule walitumia stensili na wino, maana nakala ni nyingi.

Kikao chako cha onyesho la pili hakiwezi kuwa kelele vile. Walifuata kanuni za vikao za Henry Robert, mhandisi wa jeshi aliyezichapisha mwaka 1876, na kwetu hazina ugeni kwa aliyewahi kusikiliza Bunge redioni. Mwenyekiti anahakikisha akidi imetimia, katibu anasoma kumbukumbu, mweka hazina anataja salio. Mjumbe anasimama, anatambuliwa, anasema "natoa hoja kwamba…". Asipopatikana wa kusema "naafiki", hoja haijadiliwi. Akipatikana, mwenyekiti anairudia kwa sauti, ndipo mjadala unafunguka. Rekebisho hupigiwa kura kwanza, hoja yenyewe baadaye. Kuufunga mjadala kunahitaji theluthi mbili. Makosa ya vijana yalikuwa yaleyale kila mahali, nawe yatumie: rais anajisahau na kuanza kutetea upande wake akiwa bado kwenye kiti, au wanapitisha rekebisho kwa shangwe na kutawanyika bila kupigia kura hoja.

Na wanajadili nini? Dansi. Usicheke. Fedha za baraza zilitoka humo, pamoja na vitafunwa vya kwenye mechi. Rais wako anayelia juu ya haki katika ukurasa wa 9, mwache alie juu ya sakafu ya ukumbi wa michezo, kwani hilo ndilo lililokuwa mezani: viatu vya ngozi vinakwaruza vanishi, kwa hiyo dansi ichezwe kwa soksi. Tarehe inaombwa ofisini ili isigongane na mechi. Walimu na wazazi wa kusimamia wanatafutwa mapema, maana bila wao hakuna dansi. Mapambo ni karatasi za krepu: zivutwe kwanza, kisha zisokotwe, la sivyo zinalegea kabla muziki haujaanza, ziwe mbali na taa zenye joto, na zisiloe, rangi yake inachuja na haitoki kwenye gauni jeupe. Mlangoni kuna sanduku la fedha lenye chenji iliyohesabiwa. Usiku uleule wawili wanahesabu pamoja, wanatia saini, na fedha zinalala kwenye sefu ya ofisi. Malipo yoyote ya baadaye yanahitaji saini ya mwalimu mlezi. Tazama koti la kuazima linavyorudi!

Umeniuliza kama palikuwa na shule ambako vijana walivuka mipaka hiyo. Ipo, na ni ya mwaka wako hasa. Robert Russa Moton, sekondari ya weusi huko Farmville, Virginia, ilifunguliwa 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walipita 450. Ziada yao walisomeshwa katika vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami, vyenye jiko la kuotea moto, na mvua ikinyesha vinavuja. Barbara Johns, miaka 16, alikuwa katika kikundi cha maigizo na katika baraza la wanafunzi. Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule alipigiwa simu ya uongo kwamba wanafunzi wake wamepata matatizo na polisi kituo cha basi. Alipotoka, walimu walipokea vikaratasi vya kuita shule nzima ukumbini, kama ambavyo mkuu angeviandika mwenyewe. Pazia likafunguka, jukwaani wakawa wamesimama wanafunzi. Walimu waliombwa watoke. Barbara akawahimiza wenzake wagome kudai jengo jipya, na mgomo ukadumu wiki mbili.

Unaona walichofanya? Kikaratasi cha ofisi, mkutano wa shule nzima, hotuba, kamati, mabango: vifaa vyote vya baraza, kasoro saini ya mkuu. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson walikuja baada ya siku mbili na kuwaambia kwamba hawatadai jengo jipya tu. Wakitaka msaada, wadai kufutwa kwa ubaguzi wenyewe. Kesi ilifunguliwa 23 Mei, ikaunganishwa na nyingine za aina hiyo katika mahakama ya juu ya nchi, na hukumu ya kupinga ubaguzi shuleni ikatoka 17 Mei 1954. Barbara alipelekwa Alabama kwa ami yake, ndugu wa baba yake, kwa usalama. Kaunti nayo ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili watoto weusi na weupe wasisome pamoja.

Lakini usilitie hilo katika onyesho la tatu kwa njia ya mkato. Shule uliyoiandika ni ya weupe, mji mdogo wa Ohio, na vijana wale wangeendelea na krepu zao bila habari. Ama uhamishie igizo lote Farmville, ama uiache Ohio ilivyo na sakafu yake. Mimi ningehamia Farmville. Una pazia tayari, na una msichana anayejua kuigiza. Ukikubali, nitumie orodha ya waigizaji kabla ya Jumamosi, nikuchoree kibanda cha karatasi ya lami na mahali pa kuweka jiko.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama umwambie nimepata ile achari.

Wako,
Shogayo