Karanga za Serere na udongo wa Kongwa

Soroti, Uganda, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila mama mkwe magoti yanamsumbua, na mimi vidole vimechubuka kwa kubambua karanga.

Unaniomba nikupakilie kwenye basi mbegu ya "karanga isiyojua kiu". Hiyo haipo, shoga. Ipo inayovumilia, tena kwa masharti.

Mwezi wa tano mvua ilikatika wiki tatu, maua ndiyo kwanza yameanguka. Karanga unazijua: ua likitunga, linateremsha sindano, na sindano isipopenya ardhini hakuna kitu. Nusu ya shamba nilipanda Red Beauty, ile nyekundu ya siku zote, nusu nyingine Serenut ya kituo cha utafiti cha Serere. Nikachuchumaa nikafunua majani. Sindano za Red Beauty zinaning'inia, ncha nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Serenut nayo mchana ilikuwa hoi, ila jioni inainuka.

Halafu wakaja vidukari, maana ukavu wanaupenda, wakaleta ugonjwa wa rozeti: majani ya njano, madogo, mche umejikunyata. Watu huku wanalilaumu jua, kumbe nusu ya hasara ni mdudu. Red Beauty nilipata magunia mawili, Serenut matano.

Niliwahi kuwaona pale Serere wakizalisha mbegu mpya. Karanga hujichavusha yenyewe, kwa hiyo jioni binti anafungua ua changa kwa kibanio, anang'oa viungo vya kiume kimojakimoja, asubuhi anapaka chavua ya mche mwingine na kufunga uzi wa alama. Ua moja! Nikamuuliza mbegu itamfikia mkulima lini. Akainua kiganja usawa wa kiuno, kimo cha mtoto wa shule: yaani miaka ya kumkuza mtoto hadi hapo.

Lakini nisikufiche. Hizi Serenut nilizopanda ganda lake gumu, na ni zile ambazo jina lake linaishia na herufi T, za hudhurungi. Mwenye duka sokoni anataka nyekundu, akaniminya bei. Mama mkwe naye hazitaki kwenye mchuzi wa kulia atap, ugali wa huku kwetu. Msimu ujao nitatafuta zenye herufi R, nyekundu.

Wewe uko Kongwa, mahali pagumu kuliko kwangu. Waingereza walikuja na matrekta 1947, na 1951 mradi wao wa karanga ukafungwa. Mvua iliwatupa, na udongo ulikauka kama sakafu hata karanga zikagoma kung'oka. Udongo huo ndio huohuo uko nao. Kwa hiyo panda mvua ya kwanza kabisa, palilia mapema, na sindano zikishaingia jembe liweke chini. Mvua ikikatika mwishoni, usiziache shambani ukizisubiri: ukame wa mwisho ndio unaokaribisha sumukuvu. Vuna, anika, chambua zilizopasuka.

Mbegu sitaipitisha mpakani Mutukula bila cheti cha afya ya mimea, nisije nikakuletea ugonjwa kwenye mfuko. Ulizia Pendo, ya watafiti wenu wa Naliendele, Mtwara. Ni ya tangu 1998, na inakomaa kwa siku 90 hadi 100 hivi. Kwa mvua zenu fupi hiyo ndiyo ningeanza nayo.

Za kutafuna nitakutumia, kilo mbili. Nimeshazikaanga, usijaribu kuzipanda.

Wako,
Zainabu