Yah: Malalamiko kuhusu video ya wimbo wangu na namna mlivyomtendea mama yangu

Ngarenaro, Arusha
7 Oktoba 2024

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usimwachie yule kijana wa mapokezi ambaye ameniambia mara tatu kwa simu kwamba bosi yuko lokesheni.

Ijumaa tarehe 4 Oktoba, saa 5 usiku, mlinitumia linki ya video yangu kwa WhatsApp, na chini yake maneno mawili: "Kazi imeisha." Wimbo wangu wa hip hop una dakika 3 na sekunde 38. Video mliyonitumia ina dakika 2 na sekunde 41. Vesi ya pili haipo. Mmeikata yote, mkaunganisha kiitikio na kiitikio kama vile katikati sikusema kitu. Vesi ya pili ndiyo iliyonifanya niandike wimbo huu, na dairekta wenu alilijua hilo, kwa sababu nilimchania mistari yake kuanzia mwanzo hadi mwisho siku ya kikao cha kwanza, naye akasema hapo ndipo tutamweka mama.

Mkataba mnao, sitaurudia. Orodha ya shoti mliiandika wenyewe na mkaigonga muhuri. Shoti ya 14 hadi ya 19 ni za mama: mama anafungua meza ya ndizi Soko la Kilombero, mama anahesabu hela kwenye kitambaa, mama amekaa kwenye kiti mbele ya ukuta uliochorwa, mimi nimechuchumaa pembeni yake nachana. Shoti sita. Kwenye video yenu sikuona hata moja.

Nilichoona ni Harrier nyeusi. Nimehesabu: gari lile linatokea mara 11. Halimo kwenye orodha ya shoti, halimo kwenye michoro ya storibodi, na wimbo wangu hautaji gari popote. Mlilikuta wapi na kwa ruhusa ya nani? Ukuta ule vijana wanne wa mtaani kwetu waliuchora usiku mbili mfululizo, rangi za kupuliza za shilingi 180,000 nikanunua kwa hela yangu. Nilitaka nguzo zote nne za hip hop zionekane: anayechana, DJ, wacheza breki (breakdance) na grafiti. Ninyi mkaegesha gari mbele ya grafiti, mkawaambia wacheza breki wasubiri, wakasubiri hadi magharibi, wakarudi makwao bila kuchukuliwa hata sekunde moja. Wengine walikuwa wametoka Usa River kwa nauli zao.

Ndugu Meneja, utamaduni huu ulianzia kwenye sherehe ya Agosti 1973 huko Bronx, New York, ambapo DJ Kool Herc alipiga muziki, na dada yake alikuwa akitafuta hela ya nguo za shule. Hakuna gari la kukodi katika asili ya kitu hiki. Na Arusha ni mji wa X Plastaz, kundi la hip hop waliochanganya mistari na uimbaji wa Kimaasai, na dunia ikawasikiliza bila wao kujifanya watu wa mahali pengine. Mimi si mkubwa kama wao. Lakini nilijua ninachotaka, nikakiandika, nikakilipia.

Nirudi kwenye siku yenyewe, Jumamosi tarehe 14 Septemba. Tulikubaliana saa 12 asubuhi, na sababu mnaijua: Mlima Meru huonekana vizuri alfajiri, jua likishapanda mawingu huukalia. Shoti ya kwanza ilikuwa mimi juu ya paa la nyumba, mlima nyuma yangu mzima. Saa 11 na nusu nilikuwa juu ya paa, nimevaa, natetemeka kwa baridi. Timu yenu ilifika saa 4 na dakika 20. Mlima ulikuwa umeshafunikwa. Dairekta akaangalia juu akasema, "Tutauweka kwenye kompyuta." Ule mlima mliouweka kwenye kompyuta una theluji hadi mabegani. Mtu yeyote aliyezaliwa hapa akiuona atajua kwamba si Meru, na atanicheka mimi, siyo ninyi.

Sokoni ilikuwa mbaya zaidi. Mliniambia vibali vyote mmeshashughulikia. Mgambo walipokuja kuuliza barua, msaidizi wa dairekta alinigeukia mimi. Mimi! Tukafukuzwa na spika yetu mabegani, wafanyabiashara wanaomfahamu mama yangu kwa miaka 20 wakitutazama. Hapo shoti ya 14 na ya 15 zikafa, na mama akasema si kitu, twendeni nyumbani, hata pale ukutani panatosha.

Na ile shoti ya mwendo wa taratibu. Dairekta wenu ndiye aliyenieleza: kamera inachukua fremu 50 kwa sekunde, video inachezwa kwa fremu 25, kwa hiyo siku ya kushuti wimbo upigwe kwa kasi mara mbili nami nichane kwa kasi hiyo, ili picha ikipunguzwa mwendo midomo ikutane na maneno. Nilimwelewa. Prodyuza wangu akanitengenezea wimbo wa kasi mara mbili, nikashinda wiki mbili naufanyia mazoezi mbele ya kioo. Flashi niliwakabidhi mkononi Ijumaa jioni. Ikasahaulika gesti. Mkapiga wimbo wa kasi ya kawaida, mkasema hamna shida. Sasa kwenye video mdomo wangu unafunguka na kufumba kama wa samaki aliyetolewa majini, na neno ninalosema lilishapita zamani. Nadhani ndiyo maana mkaweka gari kila mahali. Kila midomo inapokosana na sauti, linakuja gari.

Hayo yote ningeyavumilia. Kazi huwa na matatizo, mimi nimefanya saidia fundi, nalijua hilo. Nisiloweza kuvumilia ni lililotokea saa 9 alasiri.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya ukuta, kama orodha ya shoti inavyosema. Alikuwa amekaa pale tangu saa 8, kwa sababu aliambiwa akae. Msaidizi wa dairekta akaja na yule binti mliyekuja naye, akamwambia mama aondoke kwenye fremu. Mama alidhani hakusikia vizuri. Akaambiwa tena, kwa sauti ya juu, mbele ya watu wasiopungua 40. Akainuka. Kiti kikachukuliwa akapewa binti. Kiti chenyewe ni cha kwetu, kimetoka sebuleni.

Mimi nilikuwa kwa mtu wa vipodozi nikipakwa poda. Nilipofika binti ameshakaa, kamera inazunguka, na dairekta ananiambia saa zinakwenda, jua linashuka, nikiendelea kubishana nitalipia muda wa ziada. Nikachana. Hilo ndilo ninalojilaumu kila usiku.

Jumamosi iliyopita nilimpigia mhariri wenu kuuliza vesi ya pili iko wapi. Kwanza alisema kadi ya kamera iliharibika. Nikamuuliza, si mnanakili kwenye diski mbili kabla ya kuondoka lokesheni? Akanyamaza. Baadaye akaandika meseji, ninayo, tarehe na saa zinaonekana: "Bro, ukweli mama hana mvuto wa kamera, tumeona tuilinde brandi yako."

Kwa hiyo naomba nieleze tena jambo la saa 9 alasiri, maana sidhani kama mliambiwa lilivyokuwa.

Mama alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge. Alilishonesha kwa shilingi 25,000 kwa ajili ya siku ile, akasuka nywele Alhamisi usiku kwa jirani. Aliamka saa 9 usiku kuwapikia pilau timu yenu, watu 9, pamoja na chai ya maziwa kwenye chupa tatu. Mlikula. Msaidizi wa dairekta aliongeza sahani. Saa moja nzima mama alikaa kwenye kile kiti juani, mikono magotini, hakuomba hata maji, akiogopa akiinuka atawaharibia. Yule msaidizi akaja, hakumsalimu, akasema, na majirani wawili watathibitisha maneno haya: "We mama, hebu toka hapo, unatuharibia picha." Mama akasema, "Mwanangu, nimeambiwa nikae hapa." Akajibiwa: "Toka bwana, hii siyo video ya kwaya."

Hii siyo video ya kwaya. Kijana ambaye pilau ya mama ilikuwa bado inanukia mikononi mwake! Watu wengine walicheka. Mama alisema, "Basi, fanyeni kazi," akaingia ndani, akafunga mlango. Na nilipomfuata usiku nilimkuta amevaa kanga, gauni limekunjwa kwenye mfuko wa fundi, kama halijavaliwa. Hajalivaa tena. Kanisani hakwenda Jumapili ile wala iliyofuata, kwa sababu waliokuwepo pale uani wengine anasali nao.

Ndugu Meneja, hela mliyopokea kwangu ni shilingi 2,400,000 kati ya 3,200,000. Milioni moja katika hiyo ni mkopo aliouchukua mama kwenye kikoba chake, kwa jina lake. Kila mwezi analipa marejesho kwa ndizi. Vesi mliyoikata inasema hivyohivyo, kwamba mashine yangu ya kwanza ya kurekodia ilinunuliwa kwa ndizi. Mmechukua hela yake, mmekula chakula chake, mmekalia kiti chake, halafu mmemwambia hana mvuto.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na nia ya kuomba jambo moja tu: mrudi kushuti vesi ya pili kwa gharama zenu, nami nimalizie 800,000 iliyobaki. Nikisoma nilichokwisha kuandika naona hilo halitoshi. Naomba, na naomba kwa mara ya mwisho kwa lugha hii, mambo yafuatayo ndani ya siku 14.

Mnirudishie shilingi 2,400,000 zote, pamoja na 180,000 za rangi. Ile 800,000 sitailipa. Mnikabidhi picha zote ghafi, za kamera na za droni, zikiwemo zile mnazosema zimeharibika, nitazitafutia fundi mwenyewe. Video hiyo isitoke popote. Na msaidizi wenu wa dairekta, akiongozana na wewe, aje Ngarenaro aombe radhi kwa mama mbele ya watu walewale aliomdhalilisha mbele yao. Asiombe kwa simu. Aje mchana, majirani wakiwepo.

Msipofanya hivyo nitakwenda Ofisi ya Hakimiliki. Wimbo ni wangu, mistari ni yangu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inanilinda mimi, mtungaji. Nitakwenda pia Tume ya Ushindani kama mteja aliyeuziwa huduma ambayo hakupewa. Nitawauliza TRA, watu wa kodi, kuhusu risiti, kwa sababu kwa 2,400,000 mlinipa karatasi ya kuandikwa kwa mkono wakati nilidai ya mashine ya EFD. Na wasanii wa mji huu tunajuana. Wanaouliza nani awashutie wananiuliza na mimi, na hadi leo sijataja jina lenu kwa yeyote.

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu wa mkataba wa Agosti,
Ngarenaro

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, wakili wangu.

N.B. Nilikuwa nimeshaitia barua hii kwenye bahasha. Leo jioni rafiki yangu amenitumia linki: video mmeiweka kwenye chaneli yenu, na nembo yenu imepita juu ya uso wangu tangu mwanzo hadi mwisho. Mama ameiona kwenye simu ya mpangaji wetu kabla sijafika nyumbani. Aliitazama yote akisubiri vesi ya pili. Ilipoisha akauliza kama simu imekwama.

Kwa hiyo zile siku 14 nazifuta. Mna siku 3, kuanzia saa mtakapopokea barua hii kwa kusaini kitabu cha mjumbe. Video ishushwe leo hiihii, siyo siku ya tatu. Fedha sasa ni 2,400,000, rangi 180,000, na riba ya kikoba ya miezi yote mama aliyolipa, nitaleta daftari lake. Asubuhi ya siku ya nne nitakuwa kwa wakili na ile meseji ya "hana mvuto wa kamera" ikiwa imechapishwa kwenye karatasi, na sitapokea tena simu kutoka kwa kijana wa mapokezi.