Watoto wa jirani nao wafundishwe gofu

Mhariri,

Naandika kuhusu gofu hapa Dar es Salaam. Sijawahi kushika fimbo ya mchezo huo, ila dirisha langu linatazama uwanja, na kila Jumamosi asubuhi wachezaji hunifurahisha. Mtu mzima anachuchumaa, anafumba jicho moja, anapima nyasi kama fundi mwashi, kisha mpira unapita kando ya shimo lenye upana wa milimita 108 tu. Anashika kichwa! Punde anacheka na wenzake.

Watoto wa mtaani huchungulia uzioni hadi wafukuzwe. Gofu ilirejea Olimpiki mwaka 2016. Wachezaji wetu watatoka wapi? Naomba klabu zitenge asubuhi moja kwa mwezi, watoto waingie, waazimwe fimbo na wafundishwe.

Mkazi jirani na uwanja,
Dar es Salaam